Winchi ya Kujinasua kwenye Land Cruiser: Kuchagua, Kufunga na Kuijaribu

Winchi, yaani ngoma ya umeme inayokunja kamba na kulivuta gari, ikikuangusha porini, mara nyingi kosa liko nje ya winchi yenyewe: bamba jembamba lililopinda, kebo nyembamba ya umeme, betri iliyochoka, au namba ya kwenye boksi iliyosomwa nusu. Kwa hiyo maelezo mengi hapa yanahusu chuma kinachoishika na umeme unaoilisha. Jina la kampuni si jambo la kwanza la kuangalia. Mfano ni Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, hardtop au pikapu. Hesabu ni zilezile kwa Prado, Hilux, Patrol au Defender. Badilisha uzito tu.

Namba ya kwenye boksi

Anza na uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa wa gari likiwa limejaa mafuta, maji, abiria na mizigo. Usitumie uzito wa gari tupu. Kwa Land Cruiser pikapu ya 79 huwa karibu kilo 3,300, lakini soma bamba la gari lako mwenyewe. Zidisha mara moja na nusu: 3,300 × 1.5 = kilo 4,950. Winchi huuzwa kwa pauni za uwezo wake wa kuvuta, na pauni moja ni kilo 0.454. Ya pauni 9,500 ni kilo 4,309, haitoshi. Ya pauni 12,000 ni kilo 5,443, hiyo inafaa.

Sasa sehemu ambayo muuzaji haisemi. Namba hiyo hupatikana kwenye tabaka la kwanza la kamba tu, yaani kamba karibu yote ikiwa nje na iliyobaki imegusana na ngoma. Kila tabaka linaloongezeka hukuza kipenyo cha ngoma, na nguvu ya kuvuta hushuka. Kwa ngoma ya kawaida ya kipenyo cha takriban mm 64, tabaka la pili hubaki na kama asilimia 80, la tatu 70, la nne 60. Maana yake winchi yako ya kilo 5,443 ikivuta kamba ikiwa imejaa kwenye ngoma ni winchi ya kilo 3,300 hivi. Dereva anayefunga kwenye mti ulio mita sita mbele ana winchi dhaifu kuliko yule aliyeivuta kamba hadi mti wa mita 22.

Upande wa pili wa hesabu ni tope. Kanuni inayotumiwa na waokoaji wa magari ya kijeshi ni hii: gari lililozama hadi usawa wa magurudumu hudai nguvu sawa na uzito wake, lililozama hadi madigadi hudai mara mbili, na zaidi ya hapo mara tatu. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa Katavi, wa ukanda wa magharibi wa Serengeti au wa Maasai Mara, gari la kilo 3,300 lililolala hadi kwenye madigadi linahitaji kilo 6,600. Hakuna winchi ya pauni 12,000 itakayolitoa kwa kamba moja. Kapi, gurudumu la kuzungushia kamba na kuirudisha garini, huifanya nguvu iwe karibu mara mbili, na koleo hupunguza mzigo kabla hata swichi haijabonyezwa. Kama bajeti inabana, nunua winchi ya pauni 9,500 pamoja na kapi nzuri, na uache ya pauni 15,000 isiyo na kapi. Winchi kubwa mno ni nzito, hula umeme zaidi, na huweza kung'oa kile ilichofungiwa.

Mota, gia na kamba

Kuna mota za sumaku ya kudumu na zile zenye koili kwenye fildi (sehemu ya mota inayotengeneza sumaku). Za sumaku hula umeme kidogo na ni nafuu, lakini hupata moto haraka. Kwa gari la tani tatu chukua yenye koili. Gia za sayari, yaani gia ndogo zinazoizunguka moja ya katikati, ndizo zimetawala soko: nyepesi, za kasi, na breki yake mara nyingi imo ndani ya ngoma. Kumbuka jambo hilo la breki, litarudi kwenye kamba. Kwa kinga dhidi ya maji tafuta alama ya IP67 au IP68 iliyoandikwa kwa mota na kwa boksi la kontakta (swichi kubwa ya umeme inayoongozwa na rimoti) pia. Boksi ndilo huingia maji kwanza.

Kabla ya kulipa, pima volti za gari. Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani moja kwa moja zinaweza kuwa za volti 24, na baadhi huwasha starta kwa 24 huku vitu vingine vikitumia 12. Betri mbili chini ya boneti hazitoshi kukuambia, weka mita. Winchi ya volti 12 kwenye mfumo wa 24 itavuta vizuri sana kwa muda mfupi, kisha itaungua.

Waya wa chuma wa mm 9.5 wenye urefu wa mita 26 una uzito wa kama kilo 9 na nusu. Unavumilia jua, mchanga na miamba, na mtu yeyote gereji anaujua. Ukikatika huruka kwa nguvu ya kuua, na nyuzi zake zilizopasuka huchana viganja. Kamba ya sintetiki ya mm 10, urefu uleule, haifiki kilo 2, huelea majini, na ikikatika haina nguvu nyingi ya kurudi. Maadui wake ni watatu: jua, mchanga unaoingia kati ya nyuzi na kuzikata kutoka ndani, na joto. Nyuzi hizo huyeyuka kwenye nyuzijoto 150 hivi, na huanza kupoteza nguvu mapema sana kabla ya hapo. Winchi yenye breki ndani ya ngoma, ukiitumia kushusha gari taratibu kwenye mteremko, huchemsha ngoma na kuipika kamba ya tabaka la chini. Ukichagua sintetiki, nunua winchi ambayo breki yake iko nje ya ngoma, au yenye kamba iliyovishwa soksi ya kuzuia joto kwenye mita za mwanzo.

Kwa gari la kazi linalokaa juani mwaka mzima na kuoshwa mara chache, waya wa chuma bado ni chaguo la busara. Kwa gari ambalo mwenyewe analitunza na kulifunika, sintetiki inashinda.

Mdomo wa kupitishia kamba hufuata aina ya kamba. Waya hupita kwenye rola nne za chuma. Sintetiki hupita kwenye mdomo laini wa aluminiamu. Rola au mdomo uliowahi kupitisha waya una mikwaruzo, na mikwaruzo hiyo ni wembe kwa sintetiki. Usihamishe.

Bampa na bamba la kushikilia

Bampa la chuma linalong'aa mbele ya gari si lazima liwe bampa la winchi. Angalia nyuma yake: kama mikono yake inafungwa kwenye ncha za chesisi kwa bolti mbili nyembamba kila upande, na katikati ni bomba tupu, hilo ni pambo. Bampa la winchi lina kitanda cha bamba lisilopungua unene wa mm 6, kilichounganishwa na mikono ya bamba nene inayolala kando ya chesisi na kufungwa kwa bolti kadhaa za M12 kila upande, daraja la nguvu 8.8 au juu yake. Nguvu yote ya winchi inapaswa kupita kwenye bolti hizo hadi chesisi, bila kutegemea bomba la bampa.

Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza kitanda kizuri akipewa vipimo. Matundu ya miguu ya winchi za pauni 8,000 hadi 12,000 yako kwenye mstatili wa mm 254 kwa mm 114.3, na matundu ya mdomo wa kamba nayo yako umbali wa mm 254. Shida kubwa ya vitanda vya mtaani ni kupinda kwa joto la kuchomelea. Weka rula ndefu ya chuma juu ya bamba, kwa urefu na kwa mshazari. Kama mwanga unapita zaidi ya nusu milimita, bamba linyooshwe kabla ya kufunga. Ukiibana winchi kwenye bamba lililopinda, mota na sanduku la gia haviko tena kwenye mstari mmoja. Ngoma hukaza, breki huburuta, mota hula ampea nyingi hata bila mzigo, na baada ya miezi mwenye gari hulaumu kiwanda. Usiruhusu kuchomelea chesisi yenyewe. Na kama gari lina mifuko ya hewa ya usalama (airbag), bampa liwe lile lililotengenezwa kwa toleo hilo.

Uzito nao una gharama. Bampa na winchi ya waya huongeza kilo 100 na zaidi mbele kabisa ya ekseli. Land Cruiser za 78 na 79 kuanzia mwaka 1999 zina springi za koili mbele, na zitashuka; pima kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa digadi kabla na baada ya kufunga. Zikishuka zaidi ya mm 20, weka koili za mbele za daraja zito. Taa za mbele zirekebishwe upya. Hakikisha pia kwamba winchi haizibi rejeta sana, maana dizeli yenye mzigo kwenye mchanga inahitaji kila upepo unaopatikana.

Kufunga, kwa mpangilio

Tenganisha temino hasi ya betri kwanza. Ondoa bampa la zamani, safisha ncha za chesisi kwa brashi ya waya, na kagua nyufa na kutu. Chesisi iliyooza kwenye ncha haifungwi winchi, hata kama fundi amekuahidi kuipiga kiraka.

Weka winchi mezani. Amua kama miguu itatazama chini au mbele, kisha angalia mkono wa klachi ya winchi, ile inayoiachia ngoma izunguke huru: lazima uufikie kwa mkono wenye glavu ukiwa umesimama mbele ya gari. Kama utafichwa na bampa, sanduku la gia huweza kuzungushwa kwa hatua. Isimamishe winchi wima, upande wa gia ukiwa juu, fungua bolti zinazozunguka sanduku, zungusha bila kulinyanyua, funga tena. Ukilifanya winchi ikiwa imelala, gia zitadondoka na grisi itajaa vumbi.

Ingiza nati za mraba kwenye vijumba vya miguu ya winchi. Bolti ni M10 daraja 8.8 zinazokuja na winchi, au za inchi 3/8 kwa winchi za Marekani. Usichanganye, hesi hazifanani. Urefu wa bolti ni jambo la kupima, si la kukisia. Fupi mno hushika hesi mbili tatu na kung'oka. Ndefu mno hugonga mwisho wa tundu na kupasua mguu wa aluminiamu huku spana ikikuambia imekaza. Ukitumia bamba nene kuliko la kiwanda, nunua bolti ndefu kwa kiasi hichohicho. Funga zote nne kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa mshazari hadi takriban Nm 45 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), au kipimo cha kijitabu cha winchi kama kinatofautiana. Bolti zote nne. Kuna magari yanayotembea na mbili kwa sababu matundu ya bamba hayakulingana.

Pandisha bampa na winchi pamoja kwa jeki ya karakana au watu watatu, ziingize bolti za chesisi, linganisha na boneti, kisha kaza. Bolti za M12 daraja 8.8 hukazwa karibu Nm 80.

Umeme, mahali ambapo winchi nyingi hufia

Winchi ya pauni 12,000 ya volti 12 hula ampea 60 hadi 80 ikizunguka bure, na zaidi ya ampea 400 ikiwa na mzigo kamili. Alteneta ya ampea 80 inachangia moja ya tano tu. Zilizobaki zinatoka kwenye betri. Dakika 5 za kuvuta kwa ampea 400 huondoa kama Ah (ampea-saa) 27 kwenye betri baada ya mchango wa alteneta. Betri ya N70 ina Ah 70 ikiwa mpya. Hesabu iliyobaki ifanye ukikumbuka kwamba gari likizimika itabidi uliwashe.

Betri iwe na nguvu ya kuwashia isiyopungua CCA 650 na ifungwe imara. Betri ya pili husaidia kwa anayevuta mara kwa mara. Kwa mwingine, betri moja nzuri na injini inayozunguka kwenye mizunguko 1,200 hadi 1,500 inatosha.

Kebo zinazokuja na winchi kwa kawaida ni za mm² 35 na urefu wa chini ya mita 2. Kwenye Land Cruiser nyingine betri iko mbali, na hapo fundi huunganisha kipande chochote alicho nacho. Angalia kinachotokea: kwa umbali wa mita 2 kwenda na 2 kurudi, kwa ampea 400, kebo ya mm² 16 hupoteza volti 1.7, ya mm² 35 hupoteza 0.8, na ya mm² 50 hupoteza 0.55. Volti zikishuka, mota hupungua kasi na kuchemka haraka kwa kazi ileile, na kontakta huanza kugongagonga hadi ncha zake zishikane kwa kuyeyuka. Kontakta ikishikana, winchi haizimiki hata uachie rimoti.

Kwa sababu hiyo swichi kuu ya kukata umeme ni lazima. Iweke kwenye kebo chanya, ndani ya sentimita 40 kutoka betrini, yenye kuhimili ampea 500, mahali ambapo mtu aliyesimama nje anaifikia baada ya kufungua boneti. Huzuia pia watoto, wezi na ajali ya bampa kusagia kebo yenye umeme dhidi ya chesisi.

Kebo hasi itoke kwenye mota moja kwa moja hadi temino hasi ya betri. Chesisi yenye rangi na kutu si njia ya ampea 400. Lagi zote, yaani vichwa vya chuma vya ncha za kebo, zibanwe kwa mashine ya kubania. Lagi iliyogongwa kwa nyundo hupata joto. Pitisha kebo ndani ya bomba la plastiki, mbali na egzosi, mikanda na feni, na uifunge kila sentimita 20 hadi 30. Ipe nafasi ya kucheza, injini inatikisika.

Kwenye mota kuna skrubu za shaba zenye alama A, F1 na F2. Kila moja ina nati ya chini na ya juu. Shika ya chini kwa spana nyembamba unapokaza ya juu. Skrubu ikizunguka, waya wa ndani hukatika na mota mpya imekufa kabla haijavuta chochote. Boksi la kontakta lifungwe juu, mbali na joto, waya za rimoti zikiingilia chini ili maji yasifuate.

Unganisha betri, chanya kwanza. Fungua klachi, vuta kamba mita 2 kwa mkono, funga klachi, bonyeza IN kwenye rimoti. Kamba iingie. Ikitoka, badilisha F1 na F2. Kugeuza kebo za betri hakusaidii: kwenye mota ya koili, fildi na ama (sehemu ya mota inayozunguka) hugeuka pamoja na mzunguko unabaki uleule, na unaweza kuunguza rimoti.

Kuizungusha kamba mara ya kwanza

Winchi mpya huja na kamba iliyozungushwa kiwandani kwa mkono mwepesi. Ukiivuta hivyo kwa mzigo, tabaka la juu huzama kati ya matabaka ya chini na kunasa. Tafuta mteremko mdogo, ulio wazi. Hakikisha kamba inatoka upande wa ngoma ulioonyeshwa na mshale, kwa winchi nyingi ni upande wa chini. Ikizungushwa kinyume, breki haitashika mzigo.

Toa kamba hadi ibaki mizunguko 8 hadi 10 kwa sintetiki, au 5 kwa waya. Mizunguko hiyo haitolewi kamwe, kwa sababu skrubu ndogo inayoshika ncha ya kamba haiwezi kubeba mzigo. Msuguano ndio unaobeba. Funga ndoano kwenye nguzo au mti kwa mkanda wa upana wa mm 75. Dereva akae ndani, gia huru, akikanyaga breki kidogo ili kamba ikaze kwa kilo 200 au 300 hivi. Vuta taratibu, simama kila mita 3 au 4, angalia mizunguko inalala kando kwa kando. Usielekeze kamba kwa mkono karibu na mdomo. Mkono wa karibu kabisa uwe mita moja na nusu.

Baada ya hapo gusa kila lagi, ukiwa umezima swichi kuu. Iliyo ya moto kuliko kebo yake imebanwa vibaya. Weka mita kwenye mota wakati wa kuvuta: chini ya volti 10, rudi kwenye kebo na betri. Kisha kaza upya bolti zote za winchi na za chesisi, na urudie baada ya mvuto wa kwanza wa kweli, maana rangi mpya kati ya vyuma hukandamizika na bolti hulegea.

Vya kubeba pamoja nayo

Kapi moja yenye uwezo usiopungua mara mbili ya winchi, yaani tani 11 kwa winchi hii, kwa kuwa nanga ya kapi hubeba mvuto wa kamba zote mbili. Mkanda wa mti wa mita 3. Pingu mbili za umbo la U za tani 4.75, na moja ya tani 8.5 kwa ajili ya kapi (namba hizo ni za mzigo wa kazi, si za kukatikia). Glavu za ngozi, koleo refu, na gunia au blanketi zito la kulaza katikati ya kamba. Ule mkanda unaonyumbuka wa kuvutana gari kwa gari usiunganishe na winchi. Hujaza nishati ambayo haina mahali pa kwenda isipokuwa usoni mwa mtu.

Kwenye nyanda zisizo na mti tairi la akiba ndilo nanga. Chimba shimo la kina cha mita moja, tairi lisimame wima uso wake ukielekea gari, chuma cha kufungia kamba nyuma ya tundu la rimu, na mfereji mwembamba wa kupitisha kamba ili mvuto uwe wa chini na usilinyanyue. Ni kazi ya saa nzima kwa watu wawili kwenye udongo mkavu.

Vuta kwa vipande vya dakika moja, kisha pumzisha mota dakika kadhaa huku injini ikichaji. Mkono usioweza kukaa juu ya mota unakuambia usubiri zaidi. Klachi haifunguliwi kamwe kamba ikiwa imekaza.

Matunzo

Toa kamba yote mara moja kila miezi mitatu, ioshe, ikauke kivulini, izungushe tena kwa mzigo. Sintetiki iliyokuwa ngumu au kung'aa kama plastiki mahali fulani imeungua; kata hapo, isukwe upya. Waya wenye kipindo kikali hauaminiki tena hata ukinyooshwa. Winchi isiyotumika iendeshwe kila mwezi, kamba itoke na kuingia mita chache, ili kontakta zisishike kutu na unyevu wa ndani ya mota ukauke. Na rimoti ya bila waya isiwe ndiyo pekee garini: ile ya waya ikae kwenye sanduku la glavu, pamoja na spana ya nati za betri.